Mabeki Wanne, Kamba Moja



Wapendwa wasomaji wa ukurasa huu, juma hili naomba mniwie radhi. Wengi wenu mlitarajia tuendelee na tafakari ya Sala ya Baba Yetu tuliyoianza mwanzoni mwa Kwaresima. Tutairudia, Mungu akipenda. Lakini kwa majuma matatu kabla ya Pasaka jioni zangu nyingi zilipita kando ya uwanja wa mpira hapa Ringwani, nikiwatazama vijana wakijiandaa kwa mchezo wao, na kuna jambo nililoliona pale ambalo limekataa kunitoka moyoni. Ni heri niliandike kabla sijalisahau, au kabla sijajifanya nimelisahau.

Kwa ninyi mnaosoma mkiwa mbali, Ringwani ni kata ya wilaya ya Serengeti, mkoani Mara, upande unaoelekea Tarime. Ni nchi ya ng'ombe na ya jembe. Kila mwaka, vyuo vinapofunga kwa muda mfupi kati ya muhula na muhula, vijana wetu wanaosoma Mwanza, Dodoma, Dar es Salaam na kwingineko hurudi nyumbani. Hao ndio huunda ile tuiitayo timu ya wanavyuo. Hufanya mazoezi kwa majuma matatu, kisha Jumatatu ya Pasaka hukutana na wanavyuo wa kata jirani. Zawadi ni mbuzi mmoja. Msicheke. Mbuzi huyo huzungumzwa vilabuni, sokoni na hata mlangoni pa kanisa kuanzia siku hiyo mpaka Pasaka ya mwaka unaofuata.

Mwaka jana mbuzi alikwenda kwa jirani. Tulifungwa mabao 5 kwa 1, mbele ya watu wetu wenyewe.

Kocha ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mtu wa maneno machache, ambaye wote tunamwita Mwalimu. Siku ya kwanza ya mazoezi alinionyesha daftari lake. Alikuwa amechora uwanja, na juu yake mabao yote matano tuliyofungwa, kila bao na njia yake. Manne kati ya hayo matano yalipita mahali pamoja: katikati ya beki wa kati wa kulia na beki wa kati wa kushoto. Ungedhani kuna mlango pale.

"Padre," akasema, "washambuliaji ninao. Viungo ninao. Mlinda mlango si mbaya. Hofu yangu ni huu mstari."

Nilishangaa, kwa sababu ukiwatazama mabeki wake mmoja mmoja huoni udhaifu wowote. Beki wa kulia ana mbio za swala. Beki wa kushoto amelelewa na kazi ya jembe, na mtu akigongana naye huenda yeye. Beki wa kati upande wa kushoto ni mrefu hata akiingia sakristia huinamisha kichwa. Mwenzake wa kulia ni mfupi, lakini anausoma mpira mapema, huufikia kabla haujaitwa. Hawa wawili wa katikati nitawaita Mrefu na Mfupi, maana majina yao si ya kutangazwa hapa.

Juma la kwanza lilikuwa la mbio na pumzi. Masika yalikwisha kuanza. Uwanja wa shule umeinama upande mmoja, na maji yote huteremkia kwenye goli la chini, hivyo mazoezi yalianza mapema kabla mawingu hayajafunga. Hata hivyo yalikatizwa mara kwa mara, kama si na mvua basi na ng'ombe wanaorudi kutoka mtoni. Ng'ombe wakiingia, mpira husimama mpaka wapite wote, na hakuna mwamuzi aliyewahi kuwaonyesha kadi. Mwalimu aliwakimbiza vijana kilima juu, kilima chini. Wale waliozoea kukaa maktabani na kula chipsi walitapika siku ya kwanza, wakatapika kidogo siku ya pili, na siku ya tatu wakaanza kutaniana. Miili ikaamka.

Juma la pili likawa la mistari. Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo, ingawa nilicheza beki wa pembeni nikiwa seminari ndogo, sikuwa nimelifikiria sawasawa. Mnajua sheria ya kuotea. Mshambuliaji aliye upande wa wapinzani wake anapopewa pasi, asiwe karibu zaidi na mstari wa goli kuliko mpira na kuliko mpinzani wa pili kutoka mwisho. Zamani sheria ilikuwa ngumu zaidi, ilidai wapinzani watatu. Mwaka 1925 ikapunguzwa ikawa wawili, na mmoja wao kwa kawaida ni mlinda mlango. Mabao yakaongezeka sana, na timu zikalazimika kuupanga ulinzi wao upya. Mwaka 1990 ikalegezwa tena: mshambuliaji aliye sawasawa na yule mpinzani wa pili kutoka mwisho hahesabiwi kuwa ameotea.

Sasa tazameni ajabu yake. Mistari mingine yote ya uwanja huchorwa kwa chokaa. Huu mmoja haukuchorwa na mtu. Unachorwa na miguu ya mabeki wenyewe, na unahama kila wanapohama. Mabeki watatu wakipanda kwa pamoja na mmoja akabaki nyuma hatua mbili, watatu wamefanya kazi bure, maana yule mmoja amewahalalisha washambuliaji wote waliokuwa wameotea. Nguvu ya mstari haipimwi kwa nguvu za beki hodari kuliko wote. Hupimwa kwa namna wanne hao wanavyosogea pamoja. Na hawawezi kusogea pamoja bila kusemezana, kwa sababu kila mmoja ana macho yake kwenye mpira na kwa mtu wake, hana jicho la tatu la kumtazama mwenzake. Sikio ndilo jicho la beki.

Mwalimu alikuwa amekwisha kuligundua hilo. "Mabeki wangu hawana ugonjwa wa miguu, Padre," aliniambia. "Wana ugonjwa wa mdomo. Wale wawili wa katikati hawajawahi kuitana kwa jina."

Nikanyamaza, kwa sababu mimi nilijua sababu.

Miaka 9 iliyopita ng'ombe waliibwa usiku. Watu wakafuata nyayo, kama ilivyo desturi yetu, na katika msako huo baba yake Mrefu akapigwa mshale, akafa kabla hakujapambazuka. Lawama ikaangukia nyumba ya kina Mfupi, ambao ni wa ukoo mwingine. Hakuna aliyetiwa hatiani, na mpaka leo hakuna aliyethibitisha lolote. Watoto hawa wawili walikuwa bado shule ya msingi. Wamekua wakijua kwamba kuna njia fulani hawapiti na kisima fulani hawachoti. Wasomaji wa mbali wasidhani ni hadithi ya kutunga. Serikali iliunda Kanda Maalumu ya Polisi ya Tarime na Rorya hasa kwa sababu ya wizi wa mifugo na mapigano ya koo, na kila mmoja wetu hapa amewahi kumsindikiza mtu kaburini kwa ajili hiyo.

Marehemu yule nilimzika mimi. Hapa ndipo tafakari yangu inapoanza kunichoma. Siku ile, mbele ya watu wenye hasira, nilihubiri juu ya uzima wa milele. Nilihubiri vizuri, niliambiwa hivyo. Lakini juu ya mshale, juu ya ng'ombe, juu ya kisasi kilichokuwa kimekaa pale miongoni mwetu kama mfiwa mwingine, sikusema neno. Nilihubiri mbinguni kwa sababu duniani paliniogopesha. Na kwa miaka 9 nimewagawia Komunyo watu wa nyumba zote mbili, hawa wakipanga foleni ya kulia na wale foleni ya kushoto. Nikajua kwa nini foleni hazichanganyiki, nikanyamaza.

Siku ya Jumanne ya juma hilo mvua ilikataa kabisa. Tukakaa barazani pa darasa tukisubiri, na vijana wakaanza mazungumzo yao ya mpira. Mmoja akaikumbuka Taifa Stars kule Misri mwaka 2019, tulipopoteza michezo yote mitatu na kufungwa mabao 8. Dhidi ya Kenya tuliongoza mara mbili na bado tukalala 3 kwa 2. Mwingine akasema afadhali Ivory Coast, Januari 2024: tulifungwa 3 na Morocco, lakini tukatoka sare na Zambia na sare na Kongo. "Sare ya Zambia ndiyo inayouma," akadakia wa tatu. Kweli. Simon Msuva alifunga dakika ya 11, Zambia wakawa pungufu kwa kadi nyekundu, na bado Patson Daka akasawazisha dakika ya 88. Ukuta ulisimama karibu mchezo mzima, ukasinzia kidogo mwishoni, na kidogo hicho kikatosha.

Ndipo mtu akaitaja Biashara United. Kwa sisi watu wa Mara jina hilo bado ni kidonda. Timu ya Musoma, iliyopanda Ligi Kuu mwaka 2018, ikamaliza ya nne msimu wa 2020/21 na kupata nafasi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Oktoba 2021 iliifunga Al Ahli Tripoli ya Libya mabao 2 kwa 0 jijini Dar es Salaam. Sote tulishangilia. Kisha ikaja safari ya marudiano, na safari haikukamilika. Timu haikufika Libya, ikaondolewa mashindanoni. Msimu huohuo ikashuka daraja.

"Hawakufungwa na mtu," Mwalimu akasema polepole, akiitazama mvua. "Ukuta haukubomolewa na adui. Kulikuwa na pengo nyuma yao."

Sikujua kama alikuwa akisema na vijana au na mimi.

Kesho yake alikuja na kamba. Ilikuwa kamba ya katani, ile ya kufungia maksai. Akaikata vipande vitatu, akawafunga mabeki wanne viunoni, kila mmoja na mwenzake, wakiachiana hatua chache. Zoezi hilo si geni. Makocha wa sehemu nyingi wamelitumia. Mpira ukienda kulia, wote wanne waende kulia. Ukirudi nyuma, wote wapande. Anayechelewa anavutwa, anayewahi anawaangusha wengine. Dakika za kwanza walianguka matopeni wote wanne kama mzigo wa kuni uliokatika kamba. Watazamaji walicheka, wachezaji wakacheka. Mrefu hakucheka.

Kisha Mwalimu akatoa amri ya pili. Sauti ya mstari iwe moja, na sauti hiyo iwe ya Mfupi, kwa kuwa ndiye anayeusoma mpira mapema. Yeye ndiye wa kusema "Panda!" na "Rudi!", na wengine watii. Nilimwona Mrefu akitazama chini. Mara ya kwanza sauti ilipotoka hakusogea. Kamba ikakaza kiunoni mwake, ikawaangusha watatu, na yeye peke yake akabaki amesimama. Uwanja ukawa kimya. Mara ya pili akasogea, lakini alichelewa. Mara ya kumi, au zaidi ya kumi, akapanda pamoja nao.

Jioni ileile mama yake akaja nyumbani kwangu. Alikataa kiti.

"Tumsifu Yesu Kristo, Padre."

"Milele amina, mama. Karibu."

"Nimeambiwa mwanangu anafungwa kamba moja na mtoto wa nyumba ile."

Nikamjibu jibu la mtu mwoga: "Ni mazoezi tu ya mpira, mama."

"Ni kamba ya ng'ombe, Padre," akasema. "Baba yake alikufa kwa ajili ya ng'ombe." Akanyamaza kidogo, kisha akaongeza kwa sauti ya chini: "Ulipomzika hukusema neno. Leo unamfunga mwanangu kamba."

Ndugu zangu, nimesoma vitabu vingi vya maadili na nimekaa kitubioni kwa miaka mingi, lakini sikuwa na la kumjibu. Nikamwambia, "Mama, nilikosa." Sikuongeza kitu, kwa sababu kila nyongeza ingekuwa kujitetea. Yeye naye hakusema kwamba amenisamehe. Alijitanda khanga yake vizuri, akasema, "Mpira acheze. Kamba sitaki kuiona," akaondoka.

Usiku ule nilikifungua kitabu cha Nehemia, ambacho nilikuwa nimekisoma mara nyingi kama habari ya ujenzi tu. Mnakumbuka: ukuta wa Yerusalemu umebomoka, Nehemia anarudi kutoka uhamishoni, na watu wanaujenga kwa siku 52. Sura ya tatu ni orodha ndefu ya majina, nayo huwachosha wasomaji. Lakini angalieni inavyosema: huyu alijenga sehemu hii, na baada yake fulani, na baada yake fulani, wengi wakijenga mkabala wa nyumba zao wenyewe. Ni mstari wa mabeki! Katika sura ya nne Nehemia anaona hatari iliyo wazi kwa kila kocha: kazi ni kubwa, wajenzi wametawanyika ukutani, kila mmoja yuko mbali na mwenzake. Kwa hiyo anamweka mpiga tarumbeta karibu naye, ili sauti ikisikika popote wote wakusanyike hapo. Sauti moja kwa mstari mmoja.

Nami sijui ni mara ngapi nilikuwa nimeipita sura ya tano bila kuona ilivyowekwa pale. Katikati ya habari za ukuta, maadui wakiwa nje, ghafla kunazuka kilio ndani: maskini wanawalalamikia ndugu zao waliochukua mashamba yao na watoto wao kwa sababu ya madeni. Nehemia hakusema, "Tumalize kwanza ukuta, hayo tutayazungumza baadaye." Aliwakusanya watu, akawakemea wakubwa hadharani, akadai mashamba yarudishwe. Kisha ukuta ukakamilika. Mimi miaka 9 iliyopita nilichagua kuendelea kupanga mawe huku kilio kikiendelea ndani.

Asubuhi nilimwendea Mwalimu nikamweleza juu ya kamba. Hakushangaa. "Juma la tatu huwa naiondoa kwa vyovyote," akasema. "Kamba ni ya kujifunzia. Mechi haichezwi na kamba."

Basi juma la tatu likawa la mechi za mazoezi, bila kamba. Siku moja kabla ya kuanza niliomba dakika tano nizungumze na vijana. Sikuwahubiria. Niliwasimulia tu juu ya kijana mmoja wa mji wa Wadowice, huko Poland, aliyekuwa akipenda kusimama golini. Katika mji ule Wakatoliki na Wayahudi walikaa pamoja, na vijana walipogawana timu kwa dini, mara nyingine timu ya Wayahudi ilipungukiwa na mlinda mlango. Kijana yule Mkatoliki alikwenda kuwadakia. Jerzy Kluger, Myahudi, alibaki kuwa rafiki yake mpaka uzeeni. Mlinda mlango huyo aliitwa Karol Wojtyła, ambaye sisi tulimjua kama Papa Yohane Paulo wa Pili. Nilipomaliza, hakuna aliyeuliza swali. Mfupi alikuwa akifunga kamba za njumu zake, akazifungua, akazifunga tena.

Siku mbili za kwanza mstari uliyumba. Mwalimu aliweka washambuliaji watano dhidi ya mabeki wanne, akapiga kipenga, akarudia, akarudia. Sauti ya Mfupi ilisikika, na Mrefu aliitii, lakini yeye mwenyewe hakutoa sauti. Huo ni ulinzi wa nusu, kwa maana aliye upande wa kushoto huona yale ambayo aliye kulia hawezi kuyaona. Siku ya tatu mpira mrefu ulipigwa nyuma ya Mfupi, na mshambuliaji alikuwa akimjia kutoka upande asioutazama. Nikasikia jina la Mfupi likiitwa, jina lake la ubatizo, kwa sauti nzito: "Nyuma yako!" Mfupi aligeuka akauondoa mpira. Nilimtazama Mwalimu. Alikuwa anaandika katika daftari lake, au anajifanya anaandika.

Jumatatu ya Pasaka ikafika. Watu walikuwa wengi, wa kata zote mbili, na mvua ilikuwa imenyesha usiku. Tulipata bao mapema kwa mpira wa kona. Baada ya hapo wageni walitushambulia bila kupumzika, na mstari wetu ukashika. Mara tano nilihesabu kibendera cha kuotea kikiinuliwa. Katika mlango ule wa mwaka jana hapakupita mtu.

Zikiwa zimebaki dakika chache, mpira ukaenda upande wa chini, penye matope. Mfupi aliuwahi kama kawaida yake, mguu ukateleza, akaanguka vibaya, na mshambuliaji akauchukua akafunga. Moja kwa moja. Kelele zikalipuka upande mmoja. Upande wetu nikasikia minong'ono, na baadhi ya maneno yaliyosemwa hayakuhusu mpira. Mtu nyuma yangu alitaja jina la nyumba. Mfupi alikuwa bado amekaa matopeni, ameshika kifundo cha mguu, hatazami mtu.

Mrefu alitembea kutoka upande wake. Hakukimbia. Alipomfikia alisimama juu yake kwa muda ambao mimi niliuona mrefu sana. Kisha akampa mkono, akamwinua, akampiga begani mara moja, akarudi mahali pake. Baada ya hapo nilisikia "Panda!" ikitoka kwa Mfupi, na wanne wakapanda.

Mchezo ukaisha moja kwa moja. Mbuzi alibaki amefungwa pale pale, na wakubwa wa kata mbili mpaka leo wanajadiliana agawanywe vipi.

Watu walipokuwa wakitawanyika nilimwona mama yake Mrefu. Hakuwa amesimama pamoja na wengine. Alikuwa mbali, chini ya mwembe, khanga kichwani. Nilikwenda kumsalimu, nikiwa na hofu. Alikuwa akiwatazama vijana wakitoka uwanjani. Mfupi alichechemea nyuma yao.

"Padre," akaniuliza, "mtoto yule ameumia?"

Nikamjibu kwamba ni kifundo tu, kitapona. Akaitikia kwa kichwa, akaenda zake.

Wapendwa, sitaki kulikuza jambo hili kuliko lilivyo. Koo mbili hazijapatana kwa sababu ya mchezo mmoja wa sare, na marehemu hajapata haki yake. Lakini majuma mawili kabla ya hapo alikuwa "mtoto wa nyumba ile", na jioni ile akawa "mtoto yule". Ni hatua moja tu ya mstari.

Kwa upande wangu, nimewapelekea wazee wa koo zote mbili ombi tuketi pamoja, na nimewaambia kwamba nitakuwa wa kwanza kusema, kwa kuwa nina langu la kuungama. Hawajanijibu. Nitauliza tena juma lijalo, na lile linalofuata.

Tuwaombee vijana wetu wanaporudi vyuoni. Tuiombee familia iliyofiwa, na familia inayolaumiwa. Na kila mmoja ajiulize katika mstari wake, nyumbani, kazini na katika jumuiya yake ndogondogo: ni nani jirani yangu ambaye sijawahi kumwita kwa jina? Pengo liko hapo.

Mungu awabariki nyote.

Wenu katika Kristo Mfufuka,
Paroko